Njia ya Akiba

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, mvua ikinyesha, mkongo wa intaneti wa ofisi yetu mjini Sumbawanga ulikatika. Modemu ya akiba ikashika kazi yenyewe, kama ilivyopangwa. Hakuna aliyeinua kichwa.

Chama chetu hununua mahindi na kuwatumia wakulima bei kwa simu. Seva moja iko nyuma ya ghala. Nyingine tumezikodi mbali, tunazifikia kwa intaneti. Upo upande wa kazi, unaotuma ujumbe kwa wakulima wenyewe, na upande wa majaribio, ambako tunapima programu kwa bei za kubuni na ujumbe hauendi kwa mtu. Kwenye mkongo kila upande ulikuwa na njia yake, na ukuta katikati. Kwenye modemu njia ilikuwa moja kwa pande zote mbili. Hakuna kati yetu aliyewahi kufanya jaribio mkongo ukiwa umekatika.

Asubuhi hiyo mwenzangu mmoja alikuwa akipima programu mpya. Bei yake ya kubuni, shilingi elfu moja na mia moja kwa kilo, ilipita kwenye modemu hadi seva ya kazi, ikatoka kwa jina la chama.

Huko kijijini Kaengesa, dada yangu alikuwa uani kwake na mnunuzi aliyekuja na fuso lake. Dada ndiye aliyenilea mama alipofariki. Walikuwa wameshakubaliana mia sita na arobaini kwa kilo, magunia ishirini na manne ya kilo mia mia. Simu ikalia. Akaisogeza karibu na jicho la kushoto, akasoma, akamwambia mnunuzi ashushe gunia alilokwisha kupakia.

"Mama, bei hiyo labda wananunua na ng'ombe aliyelima," mnunuzi alisema.

"Nenda salama, mwanangu. Hiyo ni ofisi ya mdogo wangu."

Mnunuzi akajaza gari kwa jirani. Tulipogundua kosa tulituma ujumbe wa kusahihisha, lakini dada alikuwa ameizima simu ili chaji isiishe, na alishakodi gari jingine. Nilimkuta alasiri mlangoni mwa ghala, kitenge kimelowa, ameketi juu ya magunia yake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona uso huo? Hebu waambie wapime."

Nilimweleza. Nilieleza vibaya, nikataja modemu, njia, ukuta. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo bei ni ngapi?"

"Mia tano na sitini."

Alitazama mvua. "Basi mlikuwa mnacheza, sisi tukadhani mnaita." Halafu akacheka kidogo, akanigusa mkono. "Wapime tu. Nikiyarudisha yataota njiani."

Chama kilisema hakiwezi kulipa bei ambayo hakikuitoa. Nilitaka kumlipa mimi, akakataa. Alisema fedha zile zilikuwa za mabati, na mabati yanaweza kusubiri. Nilimwamini. Wiki iliyofuata niligawa njia ya modemu, nikajenga ukuta wa pili, nikauzima mkongo kwa mkono wangu na kurudia jaribio hadi niliporidhika. Nilidhani nimemaliza.

Baada ya mavuno yaliyofuata alikuja kwangu Katandala. Nilimwekea chai upande wa kulia, akapapasa meza akiitafuta. Ndipo aliponiambia. Daktari alikuwa amegundua presha ya jicho la kulia kabla ya siku ile ya mvua, akamwandikia upasuaji Mbeya, upesi. Alipolipa deni la mbolea, fedha ya safari na upasuaji haikutosha tena. Alipokuja kuipata, walimwambia mshipa wa jicho hilo umeshakufa. Wangeokoa la kushoto tu.

"Kwa nini hukuniambia, dada?"

"Ungejiona umenipofusha wewe. Kunywa chai."

Nilikunywa. Alipolala nilipiga hesabu. Shilingi themanini alizopoteza kwa kila kilo, kilo elfu mbili na mia nne: laki moja na tisini na mbili elfu. Kukodi gari, elfu sabini na mbili. Jumla, shilingi laki mbili na sitini na nne elfu.