Kipimo cha umakini kazini: nilijitia kitanzi siku ya kwanza tu

Wakuu, habari za majukumu. Hili limenikuta mwenyewe, sina haja ya kuongeza chumvi.

Naendesha tipa la kokoto nje kidogo ya Dodoma, njia ya Mvumi.

Mwaka huu kampuni ikaleta kompyuta pale getini. Kabla hujapewa funguo unakaa mbele yake, taa nyekundu ikiwaka unabonyeza. Ukichelewa inaandika HUFAI. Umechoka, umelewa au una mawazo, yenyewe haijali. Unarudi nyumbani.

Siku ya kwanza inachukua kasi yako ya kawaida, ili kila asubuhi ikulinganishe na wewe mwenyewe. Hapo ndipo nilipojiroga.

Nilidhani ni interview. Nikagonga energy drink mbili kabla ya kuingia. Nilibonyeza mpaka afisa usalama akasema, "Kijana uko vizuri!" Nikatoka kifua mbele.

Mwenzangu Shabani, mtu wa Kondoa, alipimwa saa kumi jioni akiwa amefunga, na jua la huku mnalijua. Alikuwa anabonyeza huku anasinzia. Tulimcheka sana.

Sasa Shabani hafeli. Juzi kaja na malaria, anatetemeka, kompyuta ikampitisha. Nikamwambia aende hospitali.

"Kompyuta imesema niko fiti, kaka. We ndo mgonjwa."

Na kweli. Mimi nalala masaa nane, nakunywa uji, nasali, naambiwa sifai. Nilipofeli mara ya tatu nikapewa barua ya onyo. Nikifeli ya nne, kazi sina. Nina watoto wawili, wakuu, niliogopa.

Nikarudia makopo yangu mawili kila asubuhi. Nikawa nafaulu. Moyo unakimbia, mikono inacheza kwenye usukani, ila kwenye karatasi mimi ni mzima.

Ikabidi nimfuate afisa usalama, nikamweleza ukweli wote.

"Shikamoo mzee. Naomba nipimwe upya, nikiwa mkavu, bila makopo."

"Marahaba. Hamna shida, ila lazima ufaulu kwanza kipimo cha siku hiyo. Hatuwezi kumpima upya mtu ambaye hayuko fiti."

Nimekaa nimewaza, njia nyingine sikuiona. Asubuhi nikanywa mawili, nikafaulu. Akanipima upya palepale.

Rekodi mpya imeipita ya zamani.

Nilichojifunza: kompyuta ya ofisi ikija kukufahamu, nenda umechoka, tena na njaa.

Aliyewahi kuchomoka kwenye hili aniambie hapa chini, na madaktari wa humu msipite kimya. Kesho naingia kazini, na makopo mawili hayatoshi tena.