Steringi Aliyeshika Mkanda

Kabla filamu ile haijafika Mohoro, hali ilikuwa hivi. Banda la video lilikuwa moja tu, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Filamu zote za kigeni zilipitia kinywani mwa mtafsiri mmoja, kijana aliyejifunzia kazi hiyo Kibiti. Aliketi kando ya runinga na kipaza sauti, akazipunguza sauti za wenyewe, akawasemea wahusika wote, wanaume kwa wanawake. Watazamaji nao walikuwa na kanuni ambayo sikupata kusikia ikipingwa: anayeonekana kuliko wengine ndiye steringi, na steringi hafi.

Mbele ya mashine, kwenye baraza ya duka lililofungwa, mama mmoja wa jamii ya wafugaji waliohamia ng'ambo ya mashamba ya mpunga aliuza maziwa ya mgando kila asubuhi. Nilikuwa mteja wake. Baraza ile ndipo mahali pekee alipoachiwa akae. Sokoni walikuwa wamekwisha kumnyima nafasi.

Nimefundisha historia muda mrefu, na katika somo la ufashisti nilizoea kusema kwamba dikteta huogopa kuchekwa kuliko kupigwa risasi. Kwa hiyo niliposikia kwamba imeletwa filamu ya kejeli kuhusu mtawala wa aina hiyo, nilikwenda baada ya alasiri, nikaketi benchi la mbele.

Filamu yenyewe ilitungwa kwa akili. Mtawala ni mfupi; husimama juu ya kreti la soda lililofichwa, na kila anapoinua mkono kupiga saluti suruali humteleza, hata hulazimika kushika mkanda kwa mkono wa pili. Majenerali, kwa hofu, nao hushika mikanda yao, ingawa suruali zao zimewakaa barabara. Hatimaye taifa zima linapiga saluti limeshika mkanda. Anawafukuza wageni, kisha anagundua kwamba hakubaki mtu ajuaye kuoka mkate, na anakufa kwa njaa juu ya kreti lake.

Mtafsiri alimpa mtu huyo sauti nzito, ile anayowawekea masteringi. Hotuba ndefu ya kuwafukuza wageni aliifupisha kuwa neno moja: "Fungasha!" Banda zima likalipuka. Na mtawala alipokata roho, mtafsiri aliwahi kuwatuliza watu: "Msijali wanangu, sehemu ya pili anarudi!"

Nilimuuliza dereva wa bodaboda aliyeketi ubavuni mwangu amemwonaje mtawala yule.

"Yule mwamba, mzee wangu! Kasema mara moja tu, watu wamesepa."

"Na suruali inayomvuka?"

"Ndo staili yake hiyo."

Nikamfuata mtafsiri. "Kwa nini umempa mjinga yule sauti ya shujaa?"

"Shikamoo, mwalimu. Sasa ningempa nani? Si ndiye yupo mwanzo mpaka mwisho?"

Siku zilizofuata saluti ile ilizagaa mitaani, mkono mmoja juu, mwingine mkandani. Haikukawia kufika barazani.

"Fungasha, mama!" vijana walimwambia.

"Nifungashe nini? Mimi nina ndoo tu," alijibu yule mama, akacheka pamoja nao. Wakati huo alidhani ni salamu ya vijana.

Wakarudi kesho yake, na siku zote baada ya hapo. Wateja wakaanza kusogea pembeni kungoja mchezo. Baadaye baadhi yao wakalisema wenyewe neno lile huku wakipokea maziwa. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji.

"Huo utani tu, mwalimu," alisema.

Nilimweleza, pasipo haraka, jambo analolijua tangu utotoni: mtani wangu akinitusi msibani kwangu, nami nitamtusi msibani kwake, na ndiye atakayeshika jembe kunichimbia kaburi. "Mama huyu ni mtani wa nani hapa? Nani kati yetu atamzika?"

Mwenyekiti akainua mkono wake wa kulia, wa kushoto akaupeleka kwenye mkanda, akacheka hadi machozi yakamtoka. Sijapata kuona kitu kilichonichukiza kama mkono ule, wa mtu mzima, uliokuwa juu ya kitambi.

Asubuhi moja kijana mmoja alipiga saluti, akamalizia kwa teke. Ndoo ilipinduka, maziwa yakashuka barazani na kuchanganyika na pumba za mpunga. Kicheko kilikuwa kilekile cha bandani. Niliwatazama nyuso mmoja mmoja nikitafuta chuki, kwani chuki ningeielewa, sikuiona. Walikuwa wamefurahi tu, na furaha ile ilinitia kinyaa kuliko teke.

Mama aliinua ndoo yake. "Mwalimu," aliniuliza, "mkono na mkanda, maana yake nini?"

Nilimwambia imetoka katika filamu inayomcheka mtu mbaya.

"Anachekwa yeye," akasema, "au mimi?"

Alifuta ndoo kwa upande wa khanga yake, akashika njia ya mashambani.

Hakuja tena. Baraza ile sasa ni kijiwe cha bodaboda, na maziwa tunanunua ya paketi, yanayoletwa kutoka Ikwiriri.