Baba Alipopitiliza Pipa

Wakimbiaji wa mbio ndefu walipoanza kurudi uwanjani Bariadi, mimi nilikuwa nimeshamaliza mbio zangu fupi na kujimwagia maji ya chupa kichwani. Nilisimama karibu na utepe wa kumalizia, namsubiri baba. Walifika vijana wembamba, miguu yao kama haigusi chini. Wakafuata askari, wakafuata walimu wawili walioshikana mikono wanacheka. Kisha wakaanza kufika wanaotembea. Baba hakuwemo.

Baba alianza kukimbia baada ya kustaafu kazi kwenye kinu cha pamba. Daktari alimwambia presha yake iko juu, apunguze chumvi na afanye mazoezi. Chumvi hakupunguza. Mazoezi ndiyo yaliyomkolea, na kila alfajiri mbwa wa mtaa mzima walimbwekea. Mimi ni fundi cherehani. Bukta yake nilimshonea mwenyewe. Siku ya kujiandikisha nilimsihi aingie mbio fupi tuwe pamoja.

"Fupi ni za watoto," alisema, nikaona nisibishane naye mbele za watu.

Jua lilikuwa linachoma kama linavyochoma kabla ya mvua, na upande wa Mwamapalala wingu lilikuwa jeusi tii. Nilimfuata msimamizi aliyeshika kipaza sauti.

"Wote wameshageuka, dada," aliniambia. "Wenzetu waliokuwa kwenye pipa la kugeuzia wameshafungasha, wamerudi."

"Baba yangu hajarudi."

Alitazama barabara, akanitazama mimi. "Labda amechoka, akapanda gari kwenda nyumbani."

Nilimpigia jirani yetu. Akaenda kuchungulia, akaniambia mlango una kufuli. Na simu ya baba ilikuwa ndani ya mkoba wangu mwenyewe.

Nikachukua bodaboda. Barabara ile ni ya vumbi, pande zote mbili mashamba ya pamba na vichaka vya miiba. Nilimwambia dereva aende polepole, nikawa natazama kila mtaro. Mahali pa kugeuzia tulikuta maganda ya machungwa na chupa tupu. Pipa lenyewe halikuwepo. Limebaki duara la unyevu ardhini. Hapo ndipo nilipoelewa. Baba alikuwa wa mwisho, na alipofika hapakuwa na pipa wala mtu wa kumwambia geuka. Alinyoosha mbele.

Mama mmoja alikuwa anapalilia pamba kando ya barabara. Nilimsalimu, "Mwadila, mayu," naye akaitikia na kusimamisha jembe. Nikamuuliza kama amemwona mzee anakimbia.

"Mzee mwenye namba kifuani? Kapita hapa. Nilimuuliza anakimbilia wapi, akanipungia mkono tu." Akaonyesha kulekule kwenye wingu.

Dereva aliwasha pikipiki, ila hakuondoka. "Dada, kule mbele kuna mto. Na juu kumenyesha."

Mto huo muda mwingi ni mchanga mtupu, watu wanachimba humo maji ya kunyweshea ng'ombe. Daraja hakuna, ni zege tu limelazwa chini, magari yanapita juu yake. Tuliyasikia maji kabla hatujayaona. Tulipofika yalikuwa yanapita juu ya zege, rangi ya udongo, yamebeba matawi na mabua. Mchungaji mmoja alikuwa amesimamisha ng'ombe wake upande wetu. Ng'ambo alisimama baba.

Alikuwa amevuka kukiwa kukavu, akaambiwa na watu wa huko kwamba amepitiliza, akageuka, akakuta mto umejaa. Sasa alikuwa ameinama anavua raba. Alizifunga kamba, akazitundika shingoni.

"Baba! Usiingie!"

Sauti yangu iliishia kwenye maji. Aliniona, akanyanyua mkono kama tumekutana gulioni, halafu akatia mguu. Maji yakamfika gotini. Akapiga hatua nyingine, yakamfika pajani, nikamwona anayumba. Mchungaji alipiga ukelele kwa Kisukuma, kwa sauti ile ya kurudisha ng'ombe walioingia shamba la mtu. Ng'ambo kule mwanamume mmoja aliitupa baiskeli yake, akaingia majini, akamkamata baba kwa nyuma, kwenye bukta. Wote wawili wakaanguka kitako ukingoni. Raba zikaenda na maji.

Kisha baba akalala chali, mkono kifuani.

Sikujua kama anapumua. Mtu wa baiskeli alikuwa anampepea kwa kofia yake na sisi tunatazama tu. Niliteremka hadi maji yakanigusa vidole. Mchungaji akanishika mkono, hakuuachia tena.

"Nikivuka na ng'ombe, utavuka," alisema. "Kabla ya hapo, hapana."

Tulikaa hivyo mpaka matawi yakaanza kukwama kwenye zege badala ya kupita juu yake. Akamtanguliza dume lake kubwa, sisi tukafuata, mimi nimeshika mkia kwa mkono mmoja. Nilipofika, baba alikuwa amefumbua macho. Midomo yake ilikuwa myeupe kwa ukavu.

"Pipa liko wapi?" aliniuliza.

"Waliliondoa, baba."

"Wameliondoaje na mimi sijafika?"

Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza njia nzima. Machozi ndiyo yaliyotoka.

Tulivuka tena nyuma ya dume lilelile, baba katikati yetu. Pikipiki aliikataa. Alisema alitoka kwa miguu na atarudi kwa miguu, akaanza kukimbia peku kwenye changarawe, mimi ubavuni mwake, dereva nyuma yetu taratibu. Niliutazama mshipa wa shingo yake unavyoruka.

"Baba, kichwa kinauma?"

Akapunguza mwendo. "Kinauma." Sijawahi kumsikia baba akikiri kuumwa. Akasimama. "Mwite huyo kijana."

Hatukwenda uwanjani, tulikwenda hospitali. Muuguzi alipima presha, akapima tena, akamlaza hapohapo. Jioni ilikuwa imeanza kuingia. Miguu yake ilikuwa imejaa miiba, nikaazima sindano, nikakaa mwisho wa kitanda kuichomoa.

"Uliogopa?" aliniuliza.

"Sana."

"Hata mimi. Maji yaliponifika pajani nilijua siyawezi. Lakini nilikuona umesimama pale, nikaona aibu kurudi nyuma."

Nilivuta mwiba uliokuwa umezama kisiginoni, akakunja uso, akaniambia, "Taratibu, ng'wanone, mwanangu," nami nikaenda taratibu.