Wak Zawiyah Avuliwa Upawa

Tusidanganyane: katika vijiji vya Walembak vilivyolizunguka lile ziwa nje ya mji wa Bengkulu, hakuna shughuli iliyopikwa bila shangazi wa wote, Wak Zawiyah, na hakuna mwanamke aliyepika naye akarudi kwake bila kuambiwa neno. Akitokea na upawa wake kwapani, wenye mikono mizito walianza kumwomba Mungu. "Hivi vitunguu umekata kwa kisu au kwa meno?" "Mwanangu, unakoroga tui au unambembeleza mtoto alale?" Walimvumilia tu, maana mchuzi wake wa nyati wa kufugwa na fenesi bichi uliwafanya watu wazima wasahau adabu zao.

Kwake yeye sifa kubwa kuliko zote ilikuwa maneno mawili: "Chumvi ipo." Aliyatamka mara moja tu maishani, kuhusu mchuzi wa mama yake, na mama wa watu alikuwa keshazikwa. Wifi yake Mahibun, mke wa kaka yake, aliyasubiri maneno hayo tangu alipoingia kwenye ukoo akiwa mwali. Alimenya, alikuna nazi, alipuliza moto mpaka macho yakamwiva. Siku moja tu aliambulia kitu: "Tumewahi kula vibaya zaidi."

Basi, ikafika zamu ya Nurisah, kitinda mimba wa Wak Zawiyah, kuolewa. Na desturi ya Walembak haina mjadala: mwenye shughuli hapiki shughuli yake. Wazee huitwa, mwenye nyumba hutanguliza sahani ya tambuu na kusema, "Sisi hatujui kitu, nyinyi ndio mnaojua." Tangu hapo kazi ni ya kijiji, naye huvaa vizuri akakaa. Akigusa hata ukuni, ameirudisha kazi mikononi mwake, na kila mtu huweka chini alichoshika akaenda zake.

Bustami, mume wa Wak Zawiyah, akatanguliza tambuu. Wazee wakatafuna, wakatazamana, wakamtaja mkuu wa vyungu: Mahibun.

"Wameniua, Bustami!" Wak Zawiyah alipiga kelele wazee hawajafika hata njiani. "Yule atanilipa miaka yote ile siku ya mwanangu!"

"Si ulimfundisha mwenyewe, Mama Nuri?"

"Nilimfundisha kumenya!"

Siku yenyewe ilimkuta mkekani sebuleni, kavikwa nguo ya nyuzi za dhahabu inayowasha kuliko upupu, anapokea wageni huku pua yake iko uani. Wapiga matari walikuwa wamekaa safu mbili wakikaza kaswida zao, lakini yeye alikuwa akisikiliza vyungu. Wakwe walikuwa wanatoka ng'ambo ya ziwa, watu wa maneno kweli kweli. Mchuzi ukiharibika, Nurisah angeusikia mpaka apate wajukuu.

Mara uani ikapaa sauti kali: "Hivi vitunguu umekata kwa meno? Na wewe, unakoroga au unambembeleza mtoto alale?"

Wak Zawiyah akashtuka. "Haa! Nani huyo mwenye mdomo mchafu hivyo? Watoto wa watu wamekuja kutusaidia!"

"Ni Mahibun," alisema Bustami.

"Kajifunza wapi ushenzi huo?"

Bustami akaamua kutazama dari.

Kisha harufu ikabadilika. Wengine hawakuihisi, ila yeye aliijua: tui linakaribia kukatika. Linatakiwa kutekwa na kumiminwa, kutekwa na kumiminwa, mtu asipumzike. Akajiambia kuwa yeye ni mama mwenye nyumba. Akajiambia kuwa atachungulia tu. Akawaaga wageni kwamba anakwenda msalani, akazunguka nyuma ya migomba, kainua nguo yake ya dhahabu mpaka magotini, akachomoza kwenye moshi kama mwizi wa kuku. Upawa ulikuwa ukingoni mwa chungu. Mkono ukaenda wenyewe.

Akateka, akamimina. Akateka tena. Ndipo alipogundua kwamba uani kumekuwa kimya.

Mahibun alikuwa amesimama nyuma yake, ndoo ya maji mkononi. Alikuwa amegeuka mara moja tu kuichukua. Akaitua taratibu, akafungua kitambaa kiunoni, akakikunja.

"Shughuli yako hiyo, Wifi. Kila la heri."

Mkuna nazi akaweka mbuzi chini. Mchochea moto akaacha kuni. Mmoja baada ya mwingine walinawa mikono, wengine, tuseme ukweli, kwa furaha.

"Nendeni!" alifoka Wak Zawiyah. "Mimi nilipika ninyi hamjazaliwa!"

Alikimbilia chungu cha pili, cha kwanza kikafoka. Akarudi cha kwanza, wali wa chungu cha tatu ukaanza kushika. Ukingo wa nguo ya dhahabu ukatumbukia kwenye mchuzi. Na kutoka barabarani yakasikika matari ya upande wa bwana harusi, yanakuja.

Dirisha likafunguliwa. Nurisah, kapambwa kichwa kizima, macho yamejaa maji.

"Mama," alisema, "hata leo?"

Wak Zawiyah alisimama pale upawa unachuruzika. Kisha akauweka chini, akaingia ndani, akatoka na sahani ya tambuu. Wanawake walikuwa wamefika langoni. Akakaa chini kwenye matope mbele ya Mahibun, akaisukuma ile sahani.

"Pokea, Wifi."

"Ina maneno yake," alisema Mahibun.

"Bustami alishayasema."

"Bustami hakushika upawa."

Matari yalizidi kukaribia.

"Sisi... hatujui kitu."

"Eti?"

"Hatujui kitu! Nyinyi ndio mnaojua! Unataka nikuimbie?"

Mahibun akachagua jani, akalipaka chokaa, akalikunja, akatafuna bila haraka, na roho ya mwenzake ikipanda na kushuka. Kisha akajifunga kitambaa chake. "Mnashangaa nini? Motoni! Na wewe, mama mwenye nyumba, toka hapo, unaniziba hewa!"

Wakwe wakaketi, sahani zikapita mkono kwa mkono. Kwa mara ya kwanza tangu ujana wake, Wak Zawiyah alikula harusini amekaa, chakula cha moto, nguo inanuka binzari. Alikula sahani ya kwanza akitafuta kasoro. Hakuiona. Akaitafuta kwenye ya pili. Kwenye ya tatu aliacha kutafuta, na ikamuuma, maana mchuzi ulikuwa mtamu kuliko wake.

Mama mkwe wa Nurisah akainamia upande wake. "Mchuzi huu vipi, Wak? Wewe ndiye mjuzi."

Sebule nzima ikaacha kutafuna. Nyuma ya pazia la jikoni palionekana miguu miwili yenye masizi, imesimama tuli.

"Chumvi..." alianza Wak Zawiyah.

Nurisah akafumba macho.

"Chumvi ipo."

Nyuma ya pazia kitu kilianguka kikavunjika. Wak Zawiyah akafungua kinywa kusema jambo kuhusu watu wanaovunja vyombo vya wenzao. Akakijaza wali.