Mwenye Kamera Akaambiwa Ale Kwanza

Dukani kwa mama mmoja Mkongo hapa Alief, mtaa wetu wa ughaibuni, nilimkuta Mwisraeli anayetengeneza filamu zake peke yake, kamera begani, maikrofoni kaifunga kwenye mpini wa fagio!

"Pima unga kama kawaida," alimwomba mama, binti yake mama akitafsiri. "Fanya kama sipo."

Mama akashika kiuno. "Mgeni yuko kwangu, nifanye kama hayuko? Aweke hiyo mashine chini, akule kwanza!"

Akaiweka kwenye kaunta, akanawa, akala ugali wa fufu na mboga ya sombe. Sisi wateja tukamshangilia kama bwana harusi.

Jana katuonyesha filamu kanisani. Kumbe kamera hakuizima! Mama anacheka, anamwongezea fufu, naye mwenye kamera yumo, shavu limejaa. Vigelegele!

Ili sisi tuonekane, ilibidi na yeye aonekane.