Ukili wa Bibi na Meno Makubwa

Wenzangu tuliokulia Msambweni mtakumbuka kwamba enzi zetu baiskeli ilikuwa ni black mamba tu: nyeusi, nzito, ina gia moja na kengele ya kuamsha mtaa mzima. Kwa hiyo Baba, aliyekuwa mtunza bustani katika hoteli moja kule Diani, aliporudi na baiskeli ya mbio aliyoachiwa na mgeni, watu walimiminika uani kwetu kama waliokuja kumtazama bibi harusi. Ilikuwa nyekundu, nyembamba, usukani umejikunja, na kwenye pedeli ina duara mbili za meno, kubwa na ndogo.

Juu ya meno hayo palikuwa na kidude cha chuma chenye mashavu mawili, mnyororo ukipita katikati. Fundi wa sokoni alikikagua, akatwambia ni kinga ya kuzuia kanzu isinaswe, na kwamba imelegea. Akakifunga kwa kamba ya usumba kisichezecheze, nasi tukamshukuru sana.

Tangu hapo mnyororo haukutoka kwenye meno madogo. Siku ya pili ya Idi, kama ilivyokuwa ada, yakawa mashindano ya baiskeli kutoka Milalani hadi njia panda ya Gazi na kurudi. Baba aliingia kifua mbele. Miguu yake ilizunguka kama cherehani, baiskeli yenyewe inajikokota, mpaka akapitwa na muuza madafu ambaye hata hakuwa kwenye mashindano. Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

"Idi nyingine ikipita hivi," Baba alisema usiku ule, "chuma hiki nampa mnunuzi wa vyuma chakavu. Nimeaibika vya kutosha."

Mimi nilikuwa msichana wa darasa la saba na baiskeli ile niliipenda kuliko nguo zangu za sikukuu. Nikamwomba Baba aniache niishughulikie, na Idi ikifika niipande mwenyewe. Akanitazama, kisha akakumbuka jambo. "Yule mgeni nilikuwa nikimwona akisukuma kile kishikio kwenye bomba la chini la fremu, mnyororo unaruka."

Basi si kinga ya kanzu. Nikaikata ile kamba, nikaitundika baiskeli kwenye boriti ya banda la kuku, nikawa nazungusha pedeli kwa mkono jioni baada ya jioni huku kuku wakinilalamikia. Nikaona kishikio kinavuta waya, na waya unavuta kidude kisukume mnyororo upande. Lakini kidude nikikiweka chini sana kinakwaruza meno, nikikiinua sana mnyororo haupandi. Nilitaka kulia.

Bibi, mama yake Baba, alikuwa akikaa kwenye baraza ya nyumba yake Milalani, kando ya barabara, akisuka ukili, ule utepe wa miyaa unaoshonwa mkeka. Nilimwomba kipande. Nikakipitisha kati ya shavu la nje na meno makubwa: kikapita bila kubanwa wala kupwaya, na hapo ndipo nikakaza. Nikakinyoosha kidude kifuatane na mnyororo. Zikabaki skrubu mbili ndogo, moja ya kuzuia mnyororo usidondoke ndani, nyingine usirukie nje. Nilizigeuza kidogo kidogo, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. Nikasukuma kishikio. Mnyororo ukapanda meno makubwa, tak, ukatulia. Nilipiga kigelegele peke yangu bandani.

Asubuhi ya mashindano nilikwenda kwa Bibi na suruali chini ya gauni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Sasa sikiza. Ukirudi, ukipita hapa mlangoni kwangu uwe wa kwanza. Ukiwa wa nyuma, zunguka njia ya mashambani nisikuone."

Kwenda Gazi nilitumia meno madogo, na binamu yangu Hamisi, bingwa wa mwaka uliopita, alikuwa mbele na black mamba yake akinipungia mkono. Tulipogeuza, barabara ilipotulia tambarare, nikasukuma kishikio. Tak. Baiskeli ikachomoka. Hamisi nilimpita akiwa bado amenyanyua mkono. Nilipofika mlangoni kwa Bibi hapakuwa na mtu mbele yangu, naye alisimama, mkeka umemwanguka miguuni, anapunga ukili na kupiga vigelegele. Baba alikuwa akimwambia kila mtu, hata fundi wa sokoni, "Ni yangu hiyo. Mtoto ni wangu na baiskeli ni yangu."

Vijana wa leo, gia ikilia kidogo tu wanapiga video, wanauliza simu. Na baiskeli zao mpya mbele zina duara moja tu ya meno, eti ndiyo ya kisasa. Nawatazama nacheka, maana tumerudi kwenye black mamba, ila hii haina kengele.

Ile nyekundu ninayo hadi leo, na kipande cha ukili nimekifunga chini ya tandiko. Mashindano yalikwisha zamani, na Hamisi sasa anaumwa magoti. Lakini siku ya pili ya Idi hupita Milalani peke yangu. Barazani kwa Bibi hakuna tena anayesuka. Nikikaribia mlango ule nasukuma kishikio, mnyororo unapanda meno makubwa, nami napita wa kwanza.