Chuma Katikati ya Bodi

Habari hii siisimulii mbele ya ndugu wa mke wangu, maana wao waliiona kwa macho yao na hawahitaji kukumbushwa. Nawasimulia ninyi ambao hamkuwepo, mcheke kidogo kama mnaweza. Mimi aibu yake bado ninayo, na kila nikiona pikapu imebeba msiba barabarani naangalia pembeni.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na pikapu kuukuu za Kijapani zikaanza kuonekana Songea, na mimi, mwalimu niliyeacha chaki nikaingia kwenye kusomba tumbaku, nikapata yangu, nyeupe, milango imeliwa na kutu, nikaipenda hadi Estha, mke wangu, akaniuliza kama naye ajipake vumbi ndipo nimfute kila asubuhi. Baada ya pikapu nikataka tela. Matela ya wenzangu yalifungwa nyuma ya bampa, nayo yakiyumba barabarani kama mlevi anayerudi kwake, lakini mimi niliangukia la namna nyingine, lililoachwa na wajenzi wa barabara, lenye shingo ndefu inayonyanyuka, inapita juu ya mlango wa nyuma, kisha inainama kama bata anayekunywa maji na kukalia tufe la chuma lililofungwa ndani ya bodi ya pikapu yenyewe, juu kabisa ya ekseli, ili mzigo uelemee pale gari lilipo na nguvu. Songea nzima sikuwa nimeona jingine. (Hilo ndilo lililonimaliza, kwamba sikuwa nimeona jingine.)

Nikampelekea pikapu Fundi Saidi wa Majengo, mchomeleaji, mtu wa maneno mengi na moto mwingi. Akatoboa sakafu ya bodi, akapitisha vyuma viwili hadi kwenye chasisi, akakaza boliti, kisha akasimama na lile tufe mkononi kama mtu aliyeshika embe.

"Sasa mwalimu, nikufanyie la pini, ukitaka unachomoa, au nichomelee moja kwa moja?"

"La kuchomoa si litaibiwa?"

"Hapa Majengo? Litaibiwa kabla hujafika Lizaboni."

"Basi chomelea."

"Nakuchomelea mpaka wajukuu wako walikute!" akasema, tukacheka wote wawili, cheche zikaruka, na nakiri kwamba sikuwa nawaza wezi tu. La pini lilionekana kama jambo la mtu asiye na hakika na maisha yake. Mimi nilitaka kitu cha kudumu. Nikaenda nyumbani Lizaboni, nikapaki barabarani badala ya uani, nyuma kuelekea njiani, wapitao waone.

Msimu ule ule baba mkwe akafariki katika hospitali ya mjini. Alikuwa mkulima wa Lusewa, mzee wa kanisa, mwimbishaji wa kwaya tangu Estha hajazaliwa, na jambo moja alilokuwa amemwomba mkewe ni kwamba asizikwe bila misa. Padri alikubali kufika Lusewa saa nane mchana, ila alisema mapema kwamba jioni anatakiwa kigango kingine, mbali. Ndugu walikuwa wamepewa lori na mfanyabiashara mmoja. Shemeji Kastori, kaka yake Estha, alikuja kuniuliza kama walichukue.

"La nini?" nikasema. "Gari lipo."

Nilisema kwa sauti, wafiwa wote wasikie. Estha alinitazama kwa macho mekundu, akanishika mkono, na nilijisikia mkwe kweli kweli.

Asubuhi nikarudisha pikapu nyuma hadi mlango wa chumba cha maiti. Tela nilikuwa nimeliacha Lusewa, shambani, limejaa tumbaku. Wanaume wakaleta jeneza, kwaya ikaanza wimbo, jeneza likaingia kwenye bodi, likateleza vizuri, kisha likagonga. Ngo! Likasimama, nusu ndani, nusu nje, na waimbaji wa mbele wakanyamaza.

"Shemeji," Kastori akaninong'oneza, "hiki nini?"

"Cha kuvutia tela."

"Kitoe basi."

"Hakitoki."

"Hakitoki kivipi?"

"Kimechomelewa."

Akanitazama kana kwamba nimemwambia baba yake hajafa. Wakajaribu kulipitisha kushoto, uvimbe wa gurudumu ukalizuia. Kulia, vivyo hivyo. Wakalinyanyua wakaliweka juu ya chuma chenyewe, likaenda mbele, likarudi nyuma, likaenda mbele. Mtu mmoja nyuma yangu akasema, "Mzee wa watu kawekewa mto wa chuma," na mwingine akageuza kicheko kuwa kikohozi. Hapo ndipo Shangazi Filomena, dada wa marehemu, alipofungua kinywa:

"Mnambembeza ndugu yangu? Ni mtoto mchanga huyu? Shusheni!"

Wakashusha. Jeneza likawekwa chini, kwenye changarawe, mbele ya hospitali, na watu waliokuja kuona wagonjwa wakasimama kutazama.

Nikamkimbilia Fundi Saidi. Umeme ulikuwa wa zamu na zamu ile haikuwa ya Majengo, mashine yake ya kukatia imelala, akaja na msumeno wa mkono. Akakata. Kwaya iliimba, msumeno ukajibu, kwaya ikaimba, msumeno ukajibu, mpaka wanakwaya wenyewe wakaona haya wakaacha, ukabaki msumeno peke yake. Alichomelea vizuri mno, jamani. Kazi nzuri kama ile sijaiona tena. Kastori alikwenda kuulizia lori, akarudi: limekwisha ondoka na mahindi.

Jua lilikuwa limepanda sana Shangazi alipoagiza magunia ya pumba. Tukayapanga kukizunguka kile chuma hadi kikazama, tukaweka jeneza juu ya magunia, tukafunga kamba. Likakaa. Lakini lilikaa juu kupita kingo za bodi, wazi kabisa, na wale kina mama ambao kwetu huketi kulizunguka jeneza, wameweka mikono juu yake, wakiimba njia nzima, hawakupata pa kukaa. Kastori na binamu yake walisimama nyuma wakilishikilia. Estha alikaa mbele pamoja nami. Tulipita Majengo, wanaume wakavua kofia, kisha nikawaona wanainua macho kufuata lile jeneza lililopaa, na wanageukiana. Baada ya hapo barabara ya vumbi, nami siwezi kukimbia, kila shimo Kastori anagonga paa la gari: pole pole, pole pole. Mke wangu aligeukia dirisha njia nzima. Bora angenitukana.

Tulifika Lusewa jua likiwa jekundu. Padri alikuwa amesubiri kadiri alivyoweza, akaondoka. Katekista alisoma sala haraka, giza lisitukute kaburini, kwaya iliyokosa lori ilikuwa bado njiani, na baba mkwe, aliyewaimbia marehemu wote wa kijiji kile, alishushwa kwa wimbo wa watu wachache wasiojua sauti ya pili.

Siku ya kuondoa matanga mama mkwe aliniita. Kwetu mkwe na mkwe hawatazamani ana kwa ana; alikaa amenipa ubavu, akichambua mboga, akaniuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayetaka kujua.

"Baba, kile chuma kilikuwa cha nini?"

"Cha kuvutia tela, mama."

"Na tela lilikuwa wapi?"

"Lilikuwa hapa, mama. Shambani."

Akaendelea kuchambua mboga. Nilingoja aseme lingine, alaumu, alie, asamehe. Akavuta fungu jingine la mboga. Mwishowe nikaaga, nikatoka nje na kumkuta Estha amekwisha panda gari, nyuma, si mbele, amekaa sakafuni na mkono wake juu ya yale magunia ya pumba. Sikumwambia ahamie mbele. Niliapa siku ile kwamba msiba wowote wa nyumba ile nitaufuata kwa miguu, nyuma ya watu wote, na gari nitawapa ufunguo walikague wao kwanza.